Tununue bafle ya kusikia maneno, si ya kutikisa ukuta

Hapa Kama, na hata Kindu na Kalima, mtu akipata pesa kidogo ya kuboresha sauti ya televisheni yake, anaenda dukani na swali moja tu mdomoni: ina wati ngapi? Muuzaji anatoa bafle kubwa yenye taa za rangi, anaweka wimbo, meza inatetemeka, watu wanacheka, pesa inatoka. Jioni, taarifa ya habari inapoanza, ule muziki wa utangulizi unasikika hadi kwa jirani wa tatu, lakini msomaji wa habari mwenyewe anaongea kama mtu aliyejifunika blanketi. Wanaongeza sauti. Ngoma inazidi, maneno yanabaki pale pale.

Maoni yangu ni kwamba tunanunua dawa isiyotibu ugonjwa wetu. Televisheni zetu hazikosi kelele. Maneno ndiyo hayafiki masikioni. Dawa yake ni ndogo zaidi, ya bei nafuu zaidi, na inakula umeme kidogo kuliko yale makabati yanayofungwa kwa kamba nyuma ya pikipiki.

Sita au tisa?

Wengine watasema hii ni habari ya starehe, na kwamba Maniema ina matatizo makubwa kuliko bafle. Ndiyo, ina matatizo makubwa. Lakini matatizo hayo tunayasikia kupitia nini?

Mwishoni mwa Januari 2025, M23 ilipoingia Goma, na katikati ya Februari ilipofika Bukavu, watu wengi wa huku walikuwa na ndugu katika miji hiyo miwili. Palipokuwa na televisheni inayowaka, watu walijaa hadi mlangoni. Wale wa mbele waliona na kusikia. Wale wa nyuma waliona picha tu, kisha wakauliza: amesema nini? Aliyekaa katikati akajibu alichodhani amesikia. Kesho yake sokoni kila mtu alikuwa na idadi yake ya wafu na jina lake la mji ulioanguka.

Sisi wa redio tunajua jambo hili kwa sababu ya kazi. Katika Kiswahili, “sita” na “tisa” zina sauti zile zile. S na t zimebadilishana nafasi tu. Katika Kifaransa, ambacho ndicho lugha ya habari nyingi tunazoziona, “six” na “dix” zinatofautiana kwa herufi ya kwanza peke yake, na “treize” na “seize” zinatofautiana mwanzoni tu. Bafle ikimeza herufi hizo ndogo, watu sita wanakuwa kumi, na kumi na tatu wanakuwa kumi na sita. Hakuna aliyedanganya. Ni chombo ndicho kilichokula habari.

Tukumbuke pia nani anatafsiri nyumbani. Mara nyingi ni mtoto wa shule ya sekondari. Bibi anamuuliza, naye anageuza Kifaransa kuwa Kiswahili au Kirega huku habari inaendelea. Mtu anayesikiliza lugha isiyo yake ya kuzaliwa anahitaji sauti safi kuliko mwenye lugha. Mwenye lugha anaweza kujaza pengo kwa kukisia. Mtoto wetu hawezi, au anajaza vibaya. Kwa hiyo nyumba inayotegemea mkalimani wa miaka 14 ndiyo inayohitaji sauti safi kuliko nyumba nyingine.

Nitaongeza mfano wa mpira, maana huko tunakubaliana wote. Tarehe 7 Februari 2024, kabla ya nusu fainali ya Kombe la Afrika dhidi ya Côte d'Ivoire, wachezaji wetu wa Leopards waliziba midomo kwa mkono mmoja na kuelekeza vidole viwili kwenye kichwa mithili ya bunduki wakati wimbo wa taifa unapigwa. Picha ilionekana duniani kote. Lakini aliyetaka kujua maana yake, kwamba ni kilio juu ya mauaji ya mashariki na ukimya wa dunia, alihitaji kusikia watangazaji wakieleza. Katika makelele ya watu hamsini mbele ya skrini moja, wangapi walisikia?

Kwa nini skrini kubwa ina sauti ndogo

Televisheni za zamani, zile zenye mgongo mkubwa, zilikuwa nzito lakini zilikuwa na nafasi tumboni. Bafle yake ilikaa mbele, ikimwangalia mtazamaji usoni. Televisheni bapa za leo zimekondeshwa ili zining'inie ukutani. Ndani yake hakuna nafasi, kwa hiyo wametia spika ndogo nyembamba, nyingi zikiwa zimeelekezwa chini au nyuma. Unakaa mbele ya televisheni, sauti inaongea na ukuta.

Ndiyo sababu redio ndogo ya mkononi inaweza kusoma habari vizuri kuliko skrini ya inchi 43. Redio haina nguvu nyingi, lakini spika yake inakutazama, na imetengenezwa kwa ajili ya sauti ya mtu.

Sauti ya mtu haihitaji mambo makubwa. Simu za waya za zamani zilibeba mawimbi ya kuanzia hertz 300 hadi 3,400 tu, na watu walielewana, wakaomba posa na kutangaziana misiba. Herufi kama s, f, t na k, ambazo ndizo zinazotenganisha neno na neno, hupata nguvu yake kuanzia hertz 2,000 kwenda juu. Ule mdundo unaotikisa kifua uko chini ya hertz 100. Bafle inayosifiwa kwa mdundo inasifiwa kwa kitu ambacho msomaji wa habari karibu hakitumii kabisa. Debe tupu haliachi kuvuma, wazee walisema, na kuvuma si kuongea.

Hesabu ya wati inayotuponza

Neno “wati” limekuwa kama neno la uganga. Katoni imeandikwa 1,000, tena kwa herufi za dhahabu. Mara nyingi pembeni kuna herufi nne: PMPO. Hiyo ni namba ya matangazo, si ya kazi. Namba ya kutafuta ni ile ya RMS, nguvu ambayo chombo kinaweza kuitoa kwa muda mrefu bila kukoroma. Bafle ya wati 1,000 PMPO inaweza kuwa na wati 15 au 20 za kweli.

Ikiwa katoni haisemi RMS, usigombane na muuzaji. Geuza ile adapta yake usome: imeandikwa inatoa volti ngapi na ampea ngapi. Zidisha. Volti 12 mara ampea 2 ni wati 24. Bafle hiyo haiwezi kucheza wimbo mzima kwa nguvu inayozidi hizo 24, hata katoni iapie. Inayopata umeme wa USB wa volti 5 na ampea 2 ina wati 10, na sehemu yake inapotea njiani. Hesabu hiyo ya darasa la nne inaweza kukuokolea pesa ya mwezi mzima.

Na wati 10 si aibu. Sikio halihesabu kama sisi. Ukiongeza nguvu kutoka wati 10 hadi 20, unaongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo wengi wataiona ndogo. Ili sikio liseme “sasa imekuwa kubwa mara mbili”, unahitaji kama mara kumi ya nguvu, yaani wati 100. Lakini ukisogeza bafle kutoka mita 4 hadi mita 2, mahali pa wazi unapata desibeli 6, sawa na kuongeza nguvu mara nne. Ndani ya nyumba faida inapungua kidogo kwa sababu ya kuta, lakini bado ni kubwa, na ni ya bure. Waya mrefu wa mita tano unaweza kushinda ampli mpya.

Sasa tuje kwenye jua letu. Wengi wetu tunaishi kwa pano na batri. Tuchukue nyumba yenye pano ya wati 100 na batri ya maji ya volti 12, ampea-saa 100. Kwenye karatasi batri hiyo ina wati-saa 1,200, lakini batri ya namna hiyo ukiishusha chini ya nusu kila usiku unaiua mapema, kwa hiyo hesabu 600. Na pano hiyo, baada ya hasara za njiani, ikileta wati-saa 300 siku ya jua zuri tushukuru. Siku za mvua inaleta chini ya hapo.

Televisheni ya inchi 32 ya kutumia volti 12 tuseme inakula wati 35, dekoda 12, na taa tatu 15. Jumla ni 62. Kwa saa nne za jioni ni wati-saa 248. Ongeza bafle ndogo inayokula wati 10: 40 zaidi, tunafika 288. Tumebaki ndani ya kile jua lilichotupa. Lakini ukiweka ampli ya volti 220 inayokula wati 60, pamoja na konvertisa inayokula wati 10 kwa kazi yake yenyewe, saa nne ni 280 nyingine. Sasa unatumia 528 na jua limekupa 300. Siku mbili tatu batri inakudanganya kwamba mambo ni sawa. Siku ya nne televisheni inazimika katikati ya habari, na baada ya miezi kadhaa unanunua batri mpya. Batri hiyo mpya ndiyo bei halisi ya bafle yako.

Ndiyo sababu nasema: nyumba ya jua inunue bafle ya volti 12 au ya USB inayopata umeme moja kwa moja, bila konvertisa. Weka fyuzi kwenye waya unaotoka kwenye batri. Kifyuzi kidogo ni cha bei ndogo, nyumba iliyoungua haina bei.

Anza na kisichogharimu kitu

Kabla ya kununua chochote, fanya haya manne.

La kwanza, toa kile kitambaa kizuri cha nyuzi ambacho mama amekitandika juu ya televisheni kikashuka mbele na nyuma. Kwa heshima zote, mama, kitambaa kimeziba mdomo wa mgonjwa. 

La pili, angalia spika ziko wapi. Ikiwa zimeelekea chini, weka televisheni juu ya ubao mgumu uliojitokeza mbele kidogo, sauti itapiga ubao na kuja kwako. Ikiwa zimeelekea nyuma, isogeze karibu na ukuta mgumu badala ya pazia.

La tatu, ingia kwenye menyu ya sauti. Tafuta mpangilio wa habari au wa maneno, si wa muziki wala wa sinema. Punguza sauti nzito, ongeza kidogo ile nyembamba. Zima ule ujanja wa kuifanya sauti izunguke chumbani, maana mara nyingi unayatawanya maneno.

La nne, pigana na mwangwi. Sementi chini, matofali pembeni, bati juu: nyumba kama hiyo inarudisha kila neno mara tatu. Mkeka sakafuni, pazia zito, nguo zilizotundikwa ukuta wa nyuma, vyote vinasaidia. Dari, hata ya mikeka, inasaidia zaidi. Na mvua ya huku ikipiga bati lisilo na dari, hakuna bafle ya haki itakayoshindana nayo. Usiongeze sauti hadi mwisho. Sogea karibu au subiri.

Ukishafanya hayo na bibi bado anauliza “amesema nini?”, basi nenda dukani.

Kuna tundu gani nyuma ya televisheni yako?

Watu wengi wananunua bafle kwanza, kisha wanatafuta namna ya kuiunganisha. Fanya kinyume. Geuza televisheni, piga picha matundu yote kwa simu, uende na picha dukani.

Tundu dogo la hedifoni, la milimita 3.5, ni rafiki wa maskini. Karibu bafle zote ndogo zinalikubali, na sauti unaipandisha na kuishusha kwa telekomandi ile ile. Matundu mawili, jekundu na jeupe, yanayoitwa RCA, yaangalie vizuri: kwenye televisheni nyingi ni ya kuingiza, si ya kutoa. Soma maandishi, IN au OUT. Lakini dekoda nyingi, ziwe za Canal+ au za StarTimes, zina njia ya kutoa sauti ya picha za kawaida. Unaweza kuchukua sauti moja kwa moja kwenye dekoda na kuinyamazisha televisheni.

Tundu la optiki lina mwanga mwekundu ndani. Linahitaji bafle yenye tundu kama hilo, au kisanduku kidogo cha kubadilisha mwanga kuwa sauti ya kawaida. Ukiunganisha na usisikie kitu, nenda kwenye menyu uchague PCM kabla ya kurudisha mali dukani. HDMI yenye maandishi ARC ni nzuri kwa wale wenye bafle ndefu ya kuweka chini ya skrini.

Na Bluetooth? Tunaipenda kwa sababu haina waya. Lakini televisheni nyingi za bei ndogo hazinayo, na zenye nayo mara nyingi huchelewesha sauti: mdomo unafunga, neno linafuata. Kwa muziki hakuna shida. Kwa habari na filamu inachosha, na kwa mzee anayesaidia masikio yake kwa kuangalia midomo ni hasara. Waya wa bei ndogo unashinda.

Nikiwa na pesa ndogo, ninunue nini?

Ngazi ya chini kabisa ni redio uliyo nayo tayari. Ikiwa ina tundu la AUX, nunua waya tu. Weka redio hiyo karibu na anayesikia vibaya, si karibu na televisheni. Nyumba nyingi zinaweza kuishia hapo bila kutoa dola hata tano.

Ngazi ya pili ni bafle mbili ndogo za kompyuta, zenye ampli ndani na umeme wa USB. Watu wanazidharau kwa udogo wake. Lakini ni mbili, zinatazama mbele, na zimezoea maneno. Kwa saloni ya mita 3 kwa 4 zinatosha.

Ngazi ya tatu ni bafle ndefu ya kuweka chini ya televisheni, ya wati 20 hadi 40 za kweli, yenye adapta ya volti 12 na, ikiwezekana, kitufe cha sauti ya maneno. Usivutwe na ile inayokuja na sanduku tofauti la mdundo ikiwa bei yake inapanda kwa sababu ya sanduku hilo. Usiisukume ndani ya kabati, ikae ukingoni.

Ngazi ya nne ni ya mafundi wetu, nami naipenda. Spika mbili za gari za sentimita 13 au 16, kibao kidogo cha ampli cha volti 12, na masanduku mawili ya mbao kutoka kwa seremala. Maniema haikosi mbao. Ubao uwe mnene, milimita 15 au zaidi, viungo vizibwe kwa gundi hewa isitoroke, ndani kuwe na kipande cha blanketi. Spika za gari kwa kawaida ni za omu 4. Hakikisha ampli inakubali omu 4. Waya mwekundu uende kwenye alama ya kujumlisha pande zote mbili. Ukigeuza upande mmoja, mdundo unapotea na sauti ya msomaji inakuwa kama haina mahali. Faida ya njia hii ni kwamba ikiharibika fundi wa hapa hapa anaitengeneza, na pesa inabaki Kama.

Hilo la mwisho si dogo. Bidhaa zinatufikia kwa njia ndefu: kwa reli hadi Kindu kutoka kusini, kwa ndege, kwa barabara mbovu, kisha kwa pikipiki. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa Januari 2025, na vita vimeziba njia nyingine za mashariki. Kila kilo inalipiwa. Tukinunua kilo kumi za mdundo, tunalipa nauli ya mdundo.

Namna ya kujaribu dukani

Muuzaji atakuwekea rumba. Msikilize kwa adabu, kisha toa simu yako. Uwe umerekodi dakika mbili za taarifa ya habari, sauti ya mwanamume na ya mwanamke, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Radio Okapi inatangaza kwa lugha hizo zote mbili, basi mfano haukosekani. Weka rekodi hiyo na urudi nyuma hatua nne. Sauti iwe ndogo. Ukielewa kila namba na kila jina, bafle ni nzuri. Kisha pandisha: isikorome. Kisha simamisha rekodi na usikilize ukimya: pasiwe na mlio wa nyuki.

Halafu fanya jambo ambalo sijaona wengi wakifanya. Nenda na yule anayesikia vibaya nyumbani. Masikio yake ndiyo mteja. Kijana wa miaka 20 anasikia kila kitu, kwa hiyo anachagua kwa taa na mdundo. Mzee wa miaka 65, ambaye sauti nyembamba zimeanza kumtoroka kwa umri, atakwambia kwa dakika moja ipi inaongea na ipi inavuma.

Kwa wapenda mdundo

Najua watakaonijibu. Watasema Mkongo bila muziki si Mkongo, na kwamba bafle kubwa inatumika pia kwa harusi, kwa matanga na kwa kanisa. Kweli. Mwenye kazi hiyo anunue chombo cha kazi hiyo, akiwa na jenereta yake. Wala sisemi muziki ni dhambi. Jumapili mchana na mimi nacheza. Ninachokataa ni kununua chombo cha uwanjani kwa ajili ya chumba cha mita nne, kisha kumlazimisha jirani kusikiliza habari ambazo hata mwenye nyumba hazielewi.

Pia kuna watoto. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sauti ya desibeli 80 mtu asiisikilize zaidi ya saa 40 kwa wiki, na ikifika desibeli 90 zisizidi saa 4. Mtoto anayelala chumba kimoja na bafle inayotikisa ukuta anamaliza saa hizo nne mapema. Sikio likifa halifufuki.

Kwa wafanyabiashara wetu nina ombi moja: wekeni dukani bafle moja ndogo nzuri karibu na ile kubwa, na muwaachie wateja wazijaribu zote mbili kwa maneno, si kwa wimbo peke yake. Mtauza. Kwa wakubwa wa nyumba, ombi ni jingine. Kabla ya taarifa ya habari ya jioni, ulizeni: nani humu ndani haelewi? Mara nyingi atakuwa bibi aliye kwenye kona, mama aliye mlangoni na sufuria, mgeni mkimbizi aliyekaa nyuma kwa haya, ingawa habari ya leo huenda ni ya kijiji chake. Waya wa mita tano na redio ya zamani vinaweza kumfikishia maneno hayo usiku huu huu, na kesho sokoni atasema idadi ile ile aliyoisema msomaji wa habari.